Gugu Karoti: Huwasha Ngozi na Kubana Kifua



Kila msimu wa palizi tunapokea wagonjwa wenye vipele mikononi, shingoni na usoni. Wengine wamekwisha kupaka dawa ya upele bila nafuu, na wengine hudhani wamerogwa. Tukiwauliza kazi waliyofanya, hujibu: "Tulikuwa tunang'oa magugu."

Gugu lenyewe ni gugu karoti. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Hapa Tanzania liligunduliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Majani yake hufanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri kwa magari, matope ya viatu, kwato za mifugo, maji ya mvua na mbegu za mazao zisizosafishwa.

Madhara yake

Gugu hili lina sumu iitwayo partenini, ambayo huleta vipele na muwasho mkali. Unga wa maua yake huleta mafua, macho kuwasha na pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu.

Watu wengi husema, "Mimi halinidhuru." Wasidanganyike! Mtu aweza kulishika msimu mzima asione kitu, mwaka wa pili akavimba uso. Mwili hauzoei, huzidi kulikataa.

Tufanye nini?

1. Ling'oe pamoja na mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua.
2. Vaa glavu, nguo ya mikono mirefu, na funika pua na mdomo kwa kitambaa.
3. Watoto wasipewe kazi hii, nyumbani wala shuleni. Wenye pumu wakae mbali.
4. Lililokwisha kuchanua litie guniani usimwage mbegu njiani. Likaushe, ulichome, usivute moshi wake.
5. Ukimaliza, oga kwa sabuni na fua nguo zako.
6. Maua yake yasipambe nyumba wala altare.

Ukitokewa na vipele, osha kwa maji mengi na sabuni, usijikune, usipake mafuta ya taa. Fika zahanati. Vipele hivi haviambukizi, basi mgonjwa asitengwe. Lakini mtu akihema kwa shida hata kushindwa kusema, au midomo ikibadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Ndugu zetu, mbegu haijui mpaka wa shamba. Ukisafisha kwako na jirani akaacha, mvua zijazo utaanza upya. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zipange siku moja, kabla ya maua, zing'oe pamoja: mashambani, kandokando ya barabara na kuzunguka makanisa yetu. Na shamba la mjane au mgonjwa lisisahauliwe.