Jina na Nasaba ya Kiwavi Jeshi: Mfano wa Kitale na Bungoma

Katika Kiswahili cha wakulima wa Afrika Mashariki, jina kiwavi jeshi lilikuwa la mdudu mwenyeji, Spodoptera exempta, aendaye makundi kwa makundi akila nyasi na nafaka. Mwaka 2017 jina hilo lilipata mwenyewe wa pili. Spodoptera frugiperda, mwenye asili ya bara la Amerika, aliyeonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, alithibitishwa nchini Kenya, na mashamba ya mahindi ya magharibi, yakiwamo ya pande za Kitale na Bungoma, yakawa miongoni mwa ya kwanza kushambuliwa. Ili kuwatenganisha wawili hao, huko Tanzania mgeni huitwa kiwavi jeshi vamizi.

Tatizo la pili la istilahi ni zito zaidi. Mgeni huyu ana mbari mbili, ya mahindi na ya mpunga. Tofauti yao, iliyoelezwa na Dorothy Pashley mwaka 1986, haionekani kwa macho bali hutambuliwa kwa chembe za urithi. Mbari ya pili iliitwa ya mpunga kwa sababu huko Amerika ilipatikana zaidi katika mpunga na nyasi fupi.

Barani Afrika jina na tabia haviandamani. Urithi wa mitokondria, upatikanao kwa mama tu, huonyesha kwamba viwavi wengi waokotwao katika mahindi ni wa mbari ya mpunga. Lakini jeni ya Tpi imo katika kromosomu Z, ambayo nondo jike huirithi kwa baba. Nayo huonyesha kwamba karibu wote ni wa mbari ya mahindi. Yaelekea, basi, kwamba mbari hizo zilikwisha kuchanganyika: kukeni ni mpunga, kuumeni ni mahindi, na chakula ni mahindi.

Hapa ndipo tafsiri inapoweza kudhuru. Bwana shamba akitaja "kiwavi wa mpunga" mbele ya mkulima wa Kitale, mkulima huyo aweza kudhani kwamba mahindi yake yamesalimika. Neno aina nalo halifai, kwa kuwa limekwisha kutumiwa kwa spishi nzima. Mbari lafaa zaidi, maana hubeba wazo la nasaba. Na likiongezewa kukeni au kuumeni, msikilizaji hupata habari ya uzazi wa mdudu bila kupotoshwa juu ya chakula chake.