Je, Wajua? Ngumi Tupu na Mteremko wa Kyamwilu

Je, wajua kwamba sarafu "ikipotea" mkononi mwa mwanamazingaombwe, macho yake yamefanya kazi kubwa kuliko vidole? Chukua shilingi ishirini ya Kenya, ile yenye ndovu iliyotolewa 2018. Ishike kwa ncha za vidole vya kulia, iguse kiganja cha kushoto, kisha ufumbe kiganja hicho polepole kana kwamba kimeipokea. Kumbe sarafu haijatoka kulia. Imejificha nyuma ya vidole, na mkono huo unashuka ukiwa umelegea. Mchezaji anaikazia macho ngumi ya kushoto, nasi tunaitazama pamoja naye. Akiifumbua, hamna kitu. Mtoto anayejifunza hunaswa upesi kwa sababu huuchungulia mkono wenye siri.

Mwaka 1584, Mwingereza Reginald Scot alichapa kitabu kilichofichua michezo ya sarafu ya namna hii. Sababu yake ilikuwa nzito: watu walikuwa wakinyongwa kwa tuhuma za uchawi, naye alitaka ieleweke kwamba mengi yaliyowatisha watu ni wepesi wa mikono tu. Kwa hilo anastahili heshima kubwa.

Machakos, Kenya, nayo ina kiinimacho kisicho na mchezaji. Pale Kyamwilu, kwenye barabara ya kuelekea Mutituni, maji yakimwagwa juu ya lami huonekana yakipanda mlima, na gari likiwekwa nyutro huonekana likipanda lenyewe. Sehemu kama hizo zipo Uskoti na Kanada pia. Mwaka 2003, mtafiti Paola Bressan wa Padova, Italia, na wenzake walieleza walivyounda mifano midogo ya barabara kama hizo juu ya meza. Upeo wa macho ukifichwa, mteremko mdogo uliopakana na mteremko mkali huonekana kuwa mwinuko. Walipoweka kigurudumu cha selotepu juu yake, kilionekana kikipanda, na baadhi ya watazamaji waliingiwa na hofu, ingawa walikuwa wakitazama vibao vya mezani!

Ukienda Kyamwilu, beba pima maji ndefu ya fundi mwashi. Ilaze pembeni mwa lami, mbali na magari, uangalie kiputo kinakimbilia upande gani. Kiputo huenda juu siku zote, hata pale macho yanaposhikilia kwamba huko ni chini.