Pumzi ya Injini

Umewahi kuona gari likitweta kupanda Riat, ukitoka Kisumu kwenda Kakamega? Injini nayo hupumua! Katika gari la kabureta, pumzi hupitia mirija iendayo kwenye silinda. Mirija mirefu myembamba huipa nguvu inapozunguka polepole; mifupi mipana hufaa mwendo wa kasi.

Fundi wa jua kali, hata pale Kibuye, akiwa na mtambo wa kuchomelea alumini, aweza kuiunda. Kwanza hunakili matundu ya hedi kwa kutumia gasketi, halafu hukata bamba nene kwa kipimo hicho. Mabomba hukatwa urefu sawa ili kila silinda ipate haki yake. Akishachomelea, hulisawazisha bamba kwa tupa, maana joto hulipinda.

Hatari iko kwenye ufa. Hewa ikipenya kisirisiri, petroli huzidiwa, injini huchemka na hata pistoni yaweza kutoboka. Basi kabla ya kufunga, ziba matundu, jaza upepo, paka maji ya sabuni. Povu likitokea, rudia kazi. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.