Pedeli ya Klachi Ikizama

Kabla ya kupanda kutoka Karatu kwenda lango la Loduare, kanyaga klachi gari likiwa bado nyumbani. Pedeli ikizama na gia zikagoma, usikimbilie kushusha giaboksi. Angalia kwanza kikopo cha mafuta ya klachi. Yakiwa yamepungua, yanavuja: chungulia silinda ya juu, nyuma ya pedeli, kisha ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Hayajapungua, pakavu kote, lakini pedeli inashuka taratibu ukiikanyaga na kuishikilia? Mara nyingi ni mpira wa silinda ya juu umeisha.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja akanyage na kushikilia. Mwenzake alegeze nati ya silinda ya chini, aikaze kabla pedeli haijaachiwa. Wengi hukosea hapo, upepo ukarudi. Na jamani, msitie oili ya injini: huvimbisha mipira.