Gari Lililozimika Tambarare

Ndugu wafanyakazi, wenzetu madereva wa magari ya mashamba, ya viwanda na ya matajiri wadogo wadogo wanaijua sana habari hii: gari likiharibika njiani, wa kwanza kuulizwa ni dereva, na wa mwisho kulipishwa ni dereva huyo huyo. Leo naleta kisa cha mwenzetu mmoja wa Nakivale, kwa kuwa ndani yake mna ufundi ambao dereva au utingo yeyote anaweza kuushika bila kupita chuoni. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi, na nimeushika.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa mwaka 1958 na ndiyo ya zamani kuliko yote nchini Uganda. Wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Kwa hiyo mkimbizi anayeendesha gari la tajiri ni mfanyakazi kama wewe na mimi, ingawa wapo waajiri wanaojifanya kusahau.

Mwenzetu huyu ni Mkongo. Anaendesha Land Rover ya petroli, kuukuu, iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1970, akipeleka mahindi na maharage kutoka Nakivale hadi sokoni Mbarara. Gari lilianza ugonjwa wa ajabu. Kwenye vumbi na vilima, limejaa magunia, linapanda bila taabu. Lakini likishafika lami ya Kabingo, dereva akatuliza mguu ili aende mwendo wa wastani, injini inakatika ghafla kama mtu amezima swichi. Akiachia mafuta, au akikanyaga hadi chini, inaamka tena.

Alimweleza tajiri maneno hayo hayo: “Bosi, mlimani linavuta, tambarare linakufa.” Tajiri akacheka. Gari gani linaloshindwa na tambarare? Likapelekwa gereji, ikafungwa koili mpya. Ugonjwa ukabaki. Zikafungwa platini mpya na kondensa mpya. Ugonjwa ukabaki. Kabureta ikafunguliwa na kuoshwa. Ugonjwa ukabaki. Na kila spea iliyonunuliwa ilikatwa katika mshahara wa dereva, kwa hoja kwamba yeye ndiye “aliyeiunguza”. Makato hayo yalikwenda miezi mitatu. Mwezi wa tatu alirudi nyumbani na kiasi kisichotosha karo ya mtoto mmoja, naye anao wanne.

Aliponijia sikuwa na jibu la ufundi. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa Mbarara, fundi wa umeme wa magari, aliyejifunza kazi akiwa kijana kabla ya vita vya 1979 vilivyoubomoa mji ule. Mzee hakugusa spana. Alivuta kigoda akasema, “Kijana wangu, nieleze tangu mwanzo, wala usiruke neno.” Alipofika pale pa mlimani na tambarare, mzee akamzuia: “Rudia hapo.” Akarudia. Mzee akatikisa kichwa, akaenda kutafuta taa yake ya kujaribia.

Taa hiyo, ndugu, si mashine ya Ulaya. Ni balbu ndogo ya volti 12, waya mbili na vibanio viwili. Unaweza kuitengeneza leo jioni.

Sasa tufuate njia ya umeme, maana asiyeijua njia hununua spea kwa kubahatisha. Umeme hutoka betri, hupita swichi, huingia koili upande mmoja, hutoka upande wa pili na kwenda ndani ya distribyuta, kwenye platini ambazo wengine huziita pointi. Platini zikifumba, umeme hupita humo na kurudi betri kwa njia ya bodi la gari. Zikifumbuka, mkondo hukatika ghafla, na mkato huo ndio unaoifanya koili itoe ule umeme mkali unaopitia rota na kifuniko hadi kwenye plagi. Kondensa kazi yake ni kuzuia cheche zisiunguze platini na kuufanya mkato uwe safi. Nafasi ya platini katika Land Rover hizi ni baina ya milimita 0.35 na 0.40. Zikibana mno au zikiachana mno, gari litakohoa.

Mzee alibana mguu mmoja wa taa kwenye ncha ya koili inayokwenda distribyuta, mguu wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Akawasha swichi, akazungusha injini polepole kwa hendeli. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Ndivyo inavyotakiwa: platini zikifumbuka taa huwaka, zikifumba huzimika. Kama taa haiwaki kabisa, umeme haukufika, au koili imekatika ndani, au waya wa platini unagusa bodi. Kama inawaka tu bila kuzimika, umeme umefika lakini haupati njia ya kurudi: platini chafu, au zimeachana, au njia ya bodi imekatika. Hayo yote unayajua kabla hujatoa hata shilingi moja mfukoni.

Kwa hiyo koili ilikuwa nzima. Platini zilikuwa nzima. Dereva akakata tamaa. Mzee akamwambia angoje.

Akazungusha injini mpaka platini zikafumba barabara na taa ikazimika. Halafu akachomoa kibomba chembamba kitokacho kabureta kwenda kwenye kikopo cha distribyuta, akakitia kinywani, akavuta pumzi. Taa ikawaka! Akaachia, ikazimika. Akavuta tena, ikawaka. Watu waliokuwa gereji wakaanza kukusanyika.

Maelezo yake ni haya. Gari likienda mwendo wa wastani, mguu ukiwa mwepesi, injini hufyonza hewa kupitia kibomba kile, na mfyonzo huo husogeza kisahani kinachobeba platini ili cheche iwahi kidogo na petroli isipotee. Ukikanyaga sana mlimani, mfyonzo hupungua na kisahani hurudi. Kisahani hicho kimeunganishwa na bodi la distribyuta kwa kiwaya kimoja laini cha kusukwa. Kwa kusogezwa huku na huku miaka mingi, kiwaya hicho kilikuwa kimekatika ndani, nyuzi mbili tatu tu zikigusana. Mlimani ziligusana, tambarare ziliachana. Dereva alikuwa ameusema ugonjwa wote tangu siku ya kwanza, ila msikilizaji hakuwapo.

Mzee aliunga kiwaya kipya kwa risasi, akichagua waya laini wenye nyuzi nyingi, maana waya mgumu ungekatika upya au ungekizuia kisahani kutembea. Kazi haikufika saa moja.

Alituambia pia kwamba distribyuta za ukoo huo, za Lucas wa Birmingham, zilifungwa hata katika magari madogo ya fahari ya Waingereza kama MGB, yaliyotengenezwa toka 1962 hadi 1980. Wenye magari hayo wana utani kwamba Lucas ni mwana wa mfalme wa giza, kwa jinsi taa zinavyozimika. Mzee hakuupenda utani huo. Kwa maoni yake, mara nyingi kosa huwa kwenye kutu na waya wa bodi uliolegea, na watu humtukana Lucas kabla ya kushika msasa. Akaonya vilevile: usiache swichi wazi na injini imesimama, koili itachemka, na usishike waya wa plagi kwa mkono wakati injini inazunguka, huo umeme ni wa maelfu ya volti. Gari la Kiingereza la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 litazame vizuri kabla ya kufunga betri, kwani mengi yalifungwa chanya kwenye bodi.

Juma lililofuata tulikwenda kwa tajiri, dereva na mimi, tukiwa na kile kiwaya kilichokatika ndani ya karatasi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inataja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na tulimwomba atuonyeshe ni wapi ilipoandikwa koili. Alikasirika kwanza. Baadaye akaomba kukiona kiwaya, akakigeuzageuza mkononi muda mrefu.

Kato la koili lilirudishwa mwisho wa mwezi ule. La platini na kondensa bado tunabishana: yeye asema zilikuwa zimechakaa hata hivyo, dereva ajibu kwamba kuchakaa kwa gari si kosa la anayeliendesha. La kabureta hajalisemea neno. Tumepanga kuonana naye tena, safari hii na madereva wengine wawili wenye makato ya namna hiyo. Koili ya zamani, ile iliyoitwa mbovu, imo nyuma ya kiti cha Land Rover ikiwa spea.