Ordinatere ya zamani ikifa, majina yetu yasife nayo

Siku ya posho moja, asubuhi, mama mumoja mujane aliingia katika biro yetu ya sindika na mufuko wa plastiki wenye kujaa karatasi. Bwana yake alifanya kazi ya kariera miaka mingi. Kisha kampuni ikabadilisha wenyeji, kisha bwana akafariki. Sasa mama anafuata pansiyo, na kila mulango anaogonga wanamuuliza jambo lile lile: wapi ushahidi wa miaka ambayo bwana yako alifanya kazi? Kampuni mupya inasema haina vitabu vya zamani. Mama akatuambia: «Bwana yangu alisemaka, bakikuhangaisha, wende kwa badelege, beko naandikaka bintu byote.»

Alisema kweli, tuliandika. Tangu mwaka 2004 tuko na programu ndogo ambayo kijana mumoja wa sindika alitutengenezea. Ndani muna jina la kila memba, matrikile yake, tarehe aliyoingia kazini, mchango wake wa kila mwezi, aksida zilizompata na barua tulizoandika juu yake. Shida ni kwamba vyote vilikuwa katika ordinatere moja ya zamani, yenye sisteme ya Windows XP. Ile siku tulibonyeza kifungo mara mbili, kioo kikabaki cheusi. Mara ya tatu ikawaka, ikakaa dakika kumi, ikazimika mbele ya macho ya mama. Haya ilitupata. Tulimuomba arudi kisha majuma mawili.

Tunaandika haya juu tunajua biro nyingi za wafanyakazi, za parokia na za shule ziko na mashini ya namna hii katika kona, chini ya kitambaa.

Watu watatuuliza: mbona hamukununua mupya zamani? Tulinunua. Lakini programu yetu ilikataa kufunguka katika Windows ya leo, na kijana aliyeitengeneza alishaka kuhama mbali. Windows XP ilitoka mwezi wa 10 mwaka 2001. Microsoft iliacha kuitunza tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2014. Toka pale, tundu ikionekana ndani yake, kwa kawaida hakuna mutu wa kuiziba. Kwa hiyo tulikuwa kati ya mambo mawili: mashini mupya isiyosoma vitabu vyetu, na mashini ya zamani inayovisoma lakini inakufa.

Njia ya tatu tulioneshwa na kijana wa mutaa anayetengeneza simu na ordinatere. Inaitwa mashini virtueli. Maana yake ni hii: ndani ya ordinatere mupya unaweka programu inayojifanya kuwa ordinatere nyingine nzima, yenye disiki yake, memwari yake na kioo chake. Sisteme ya zamani ikiamka mule, inafikiri iko katika chuma cha kweli. Kumbe ni fishie tu inayokaa katika disiki ya mashini mupya. Fikra hii si ya jana. IBM ilikuwa nayo katika mashini zake kubwa tangu miaka ya 1960, na kampuni ya VMware iliileta katika ordinatere za kawaida mwaka 1999. Sisi tulitumia VirtualBox, juu sehemu yake kubwa inatolewa bure na inafanya kazi hata katika mashini isiyo ya bei kubwa. Mashini yetu mupya iko na memwari ya giga 4. Windows XP tuliipa mega 512, na inatosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuacha kuwasha ile ya zamani. Tulikuwa na hamu ya kujaribu tena, na kijana akatukataza. Chini ya mugodi tunajua sheria hii: usitoe nguzo ya zamani mbele ya kuweka nyingine. Kila mara unalazimisha mashini inayokufa, unaweza kuua disiki, na disiki njo yenye majina. Mashini yenyewe ni chuma na kapu, haina mali.

Tulifungua kapu, tukatoa disiki ya giga 40. Tukaiunganisha na ordinatere mupya kwa kable inayopitisha disiki za zamani katika tundu ya USB. Tuliwasha ordinatere kwa Linux iliyo katika kifunguo cha USB, ili Windows mupya isiguse kitu chochote ndani ya disiki. Kisha tukatumia programu ya bure, ddrescue, kuchukua picha ya disiki nzima. Si kopi ya fishie moja moja: ni kila alama, toka mwanzo hadi mwisho, sisteme, programu na vitabu pamoja. Ni sawa kuhamisha nyumba nzima na ukuta wake na paa yake, si kubeba viti tu.

Tulipofika karibu nusu, umeme ukakatika. Ordinatere ilibaki na batri yake, lakini disiki ilikuwa inakula umeme wa ukuta. Ikanyamaza. Muweka hazina wetu alishika kichwa. Lakini ddrescue inaandika pembeni karatasi yake ndogo, inayoonesha mahali ilipofika na mahali palipokataa kusomwa. Usiku umeme uliporudi, tukaipa amri ile ile na karatasi ile ile, ikaendelea pale ilipoachia. Kama mutaa wenu uko sawa wetu, musisahau kuipa jina la ile karatasi toka mwanzo. Bila hiyo mutaanza upya. Mwishoni ilibaki vipande vichache sana visivyosomeka, na kwa bahati havikuwa katika vitabu vyetu.

Ile picha tukaigeuza kuwa disiki ya VirtualBox kwa amri ya VBoxManage inayoitwa convertfromraw. Tukaunda mashini virtueli, tukaifunga ile disiki, tukawasha. Alama ya Windows ikatokea, kisha kioo chote kikawa cha bluu, na namba 0x0000007B.

Hapa njo wengi wanaacha, kwa hiyo tueleze vizuri. Namba ile inasema: sisteme imeanza kuamka lakini haioni disiki yake. Kosa lilikuwa letu. Kwa haraka tulichagua aina ya Windows ya siku hizi, na VirtualBox ikafunga disiki kwa njia ya SATA, ambayo XP ya zamani haina ufunguo wake. Tulichagua aina ya Windows XP, tukahamisha disiki kwa njia ya IDE, tukawasha tena. Ikaamka. Kwa wengine haitatosha, juu XP yao inajua tu vyuma vya mashini waliyotoka. Hao watafute CD yao ya Windows XP na kufanya kazi ya kurekebisha sisteme, lakini juu ya kopi ya picha, hapana juu ya picha ya kwanza.

Jambo lingine: XP iliona vyuma vyote vimebadilika, ikauliza tena ufunguo wake wa alama 25. Sisi tulikuwa na CD ya kununuliwa na karatasi yake. Lakini XP iliyokuja pamoja na mashini dukani, ruhusa yake kwa kawaida inafuata ile mashini tu. Someni karatasi zenu mbele ya kuanza.

Kisha tukafunga milango. Ile XP hatukuipa intaneti hata kidogo, juu haina tena mulinzi. Barua ikitakiwa, inapita katika dosye moja inayoshirikiwa na mashini mupya, na tunaichapa toka huko. Sasa vitabu vyote ni fishie moja kubwa. Tumeiweka katika disiki mbili za nje: moja iko biro, nyingine kwa muweka hazina, katika kartie nyingine. Moto ukiunguza nyumba moja, ya pili inabaki. Zote ziko na neno la siri, maana mule muna habari za magonjwa na aksida za watu, na hiyo si habari ya soko. Disiki ya zamani hatukuiuza. Tunajua wanaouza ordinatere kuukuu na majina ya watu wangali ndani. Ni vibaya sana.

Katika Katanga tunajua uzito wa karatasi. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka katika ile tuliyoita départs volontaires. Hata leo, katika familia nyingi, mabishano juu ya miaka ya kazi yanaisha kwa swali moja: karatasi iko wapi? Kampuni zinakuja na kwenda, mugodi unabadilisha jina, wakubwa wanarudi kwao. Mufanyakazi anabaki, na mujane wake. Kama sindika haitunzi maandiko, itasema nini siku ya kusimama mbele ya meza?

Mama alirudi siku tuliyomupa. Tulifungua mashini mupya, ndani yake tukafungua ya zamani, na ile kilima ya kijani ya Windows XP ikatokea. Tukaandika matrikile. Jina la bwana yake likatoka: tarehe ya kuingia, michango mwezi kwa mwezi, aksida moja ya mukono. Tulichapa kurasa 6, tukatia muhuri. Mama alipitisha kidole juu ya jina, akauliza kama anaweza kupata kopi ya pili ya kuweka nyumbani.

Tulimupa tatu. Pansiyo haijatoka bado, dosye iko njiani, na tunaifuata. Lakini sasa hakuna mutu wa kumwambia kwamba bwana yake hakufanya kazi.

Bandugu badelege, juma hili mutoe kitambaa juu ya ile mashini ya kona. Kama ingali inawaka, musingoje siku itakataa.