Mganga Hajigangi: Njia ya Mtaalamu wa Tiba ya Nafsi

Mtu aliyevunjika mguu hana haja ya kujua daktari wake alizaliwa wapi, alilelewa na nani wala anaamini nini. Mfupa huungwa kwa kanuni zile zile Dar es Salaam na London. Lakini mgonjwa ambaye dawa yake ni mazungumzo yumo katika hali nyingine. Yeye hulazimika kufunua siri za moyo wake mbele ya mtu ambaye masikio yake yameumbwa na malezi. Kwa sababu hiyo, katika tiba ya nafsi, historia ya mtaalamu ni mojawapo ya vifaa vyake vya kazi. Maisha ya Dakta Jaswant Singh Neki, aliyefanya kazi Tanzania katika miaka ya 1980, yanalidhihirisha jambo hilo.

Mwana wa Punjab

Neki alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Murid, Punjab, sehemu ambayo tangu mwaka 1947 imo nchini Pakistan. Alilelewa katika dini ya Wasikh, ambao Afrika Mashariki huitwa Masingasinga. Neno Sikh maana yake ni mwanafunzi, na kiongozi wa roho huitwa guru, yaani mwalimu. Neki alisomea udaktari na saikolojia, akawa pia mshairi wa Kipunjabi. Mwaka 1979 alipata tuzo ya Sahitya Akademi, chuo cha taifa cha fasihi cha India. Aliongoza idara ya magonjwa ya akili huko New Delhi, kisha taasisi ya utabibu ya Chandigarh.

Elimu ya tiba ya nafsi ilikuwa imetoka Ulaya. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alimlaza mgonjwa kwenye kochi, naye akaketi nyuma yake, akisikiliza na kujizuia kutoa mashauri. Kutegemea mtu mwingine kulihesabiwa kuwa udhaifu wa kuondolewa. Mwaka 1973 Neki alichapisha makala yenye hoja tofauti. Katika jamii inayothamini kujitawala nafsi kuliko kujieleza, na mapatano kati ya mtu na wenzake, uhusiano wa guru na mwanafunzi wake waweza kuwa kielelezo bora cha tiba. Guru hakai kimya. Huongoza na huwa mfano. Wasomaji wa pwani hawatashindwa kuuelewa uhusiano huo, kwani wanamjua kungwi na mwari wake. Hivyo, jambo ambalo mtoto wa Murid alilipata katika malezi liligeuka kuwa hoja ya kisayansi.

Meza moja Muhimbili

Kati ya mwaka 1981 na 1985 Neki alikuwa mshauri wa Shirika la Afya Duniani barani Afrika. Dar es Salaam alishirikiana na madaktari wa Kitanzania, wakiwamo Kilonzo, Ndosi na Hauli, pamoja na Bernard Joinet, padre Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa saikolojia. Mwaka 1986 walichapisha katika jarida la British Journal of Psychiatry makala juu ya uchawi na tiba ya nafsi. Imani hiyo, waliyoikuta kwa wagonjwa, haikuweza kupuuzwa.

Ili kulielewa tatizo lao, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mkulima anatoka Goba, ambayo wakati huo ilikuwa mashamba pembezoni mwa jiji na leo ni kata ya Manispaa ya Ubungo. Moyo unamwenda mbio, halali, na vipimo havionyeshi ugonjwa. Anaamini kwamba ndugu yake amemroga kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mateso yake ni ya kweli: hofu huziamsha tezi zilizo juu ya mafigo, nazo humwaga adrenalini, moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza na usingizi hutoweka.

Daktari akimwambia kwamba uchawi haupo, mkulima ataitikia kwa adabu na hatarudi tena. Akimwambia kwamba kweli amerogwa, uadui utaongezeka, na huenda damu ikamwagika. Njia ya tatu ni kuuliza: hofu ilianza lini? Ugomvi ulianzaje? Je, yeye mwenyewe hana jambo linalomsuta? Maswali hayo humtoa mgonjwa kwenye hirizi na kumfikisha kwenye ugomvi ambao wazee wa ukoo wanaweza kusaidia kuusuluhisha.

Kujichunguza kwanza

Kuuliza hivyo si kazi rahisi. Daktari aliyekua akiogopa uchawi anaweza kushikwa na hofu ya mgonjwa wake. Aliyelelewa kuudharau anaweza kumdharau mgonjwa pia. Mwaka 1910 Freud alikwisha kuonya kwamba mtaalamu hawezi kuvuka mipaka ya vikwazo vilivyomo nafsini mwake. Katika miaka ya 1920 ikawa kanuni kwa wanafunzi wa taaluma yake kuchunguzwa kwanza na mtaalamu mwingine.

Waswahili husema, mganga hajigangi. Anayetaka kuifuata njia hii hana budi kusoma vitabu, lakini pia hana budi kuketi mbele ya mwenzake na kuulizwa alikotoka. Neki, aliyefariki mwaka 2015, hakuyaacha malezi yake mlangoni mwa hospitali. Aliyachunguza, akayapima, kisha akayatumia. Mkulima wa Goba atarudi kwa miadi ya pili iwapo atakutana na mtu aliyekwisha kuijua hofu yake mwenyewe.